Nyerere: Mwalimu aliyewafuata waliobaki nyuma

MTOTO wa Kisukuma anayeanza darasa la kwanza katika kijiji cha wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, mara nyingi hukutana na mambo mawili mageni kwa siku moja: shule yenyewe na lugha inayotumika kufundishia. Nyumbani na machungani amezungumza Kisukuma. Darasani anatakiwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili.

Asiposaidiwa mapema, mtoto huyo hubaki nyuma. Wenzake humwona mzito wa kuelewa, mwalimu mwenye wanafunzi wengi humkatia tamaa, na yeye mwenyewe huanza kuamini kwamba hana akili, ilhali kinachomkwamisha ni lugha tu.

Mwaka 1934, kaskazini mwa eneo hilo, kijana mmoja wa Kizanaki alipita katika mlango huo huo. Alikuwa na umri wa miaka 12, hakujua Kiswahili na hakuwa amewahi kukaa darasani. Aliitwa Kambarage. Baadaye nchi nzima ilimfahamu kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere.

Mengi yameandikwa juu ya Nyerere mpigania uhuru, Nyerere Rais na Nyerere mwasisi wa siasa ya Ujamaa. Yasiyosemwa mara nyingi ni kwamba katika maisha yake yote alirudia swali moja la mwalimu wa kawaida: afanyiwe nini yule ambaye shule imemwacha nyuma?

Majibu aliyoyatoa yaliigusa kwa namna ya pekee Kanda ya Ziwa, ikiwamo Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012. Baadhi ya majibu hayo yalizaa matunda. Mengine yaliacha majeraha ambayo shule za Tanzania zimeendelea kuyauguza.

Kutoka bao hadi Mwisenge

Nyerere alizaliwa Butiama, mkoani Mara, Aprili 13, 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Kama watoto wengine wa Uzanaki, Kambarage alichunga mbuzi, akalima, na jioni akakaa karibu na wazee.

Inasimuliwa kwamba mmoja wa watemi wa jirani alimwona kijana huyo akicheza bao na akavutiwa na wepesi wake wa kufikiri. Mtemi huyo alimshauri Burito ampeleke mtoto shuleni, na ushauri ukakubaliwa.

Shule ya Mwisenge ilikuwa Musoma, mwendo wa zaidi ya kilometa 40 kutoka Butiama. Kambarage alianza kusoma akiwa amechelewa kwa umri na bila lugha ya darasani. Kwa kipimo cha haraka haraka, angeweza kuwekwa katika kundi la wale wasiotarajiwa kufika mbali.

Kilichomwokoa ni kwamba walimu walimtazama yeye mwenyewe, wala hawakutazama umri wake wala upungufu wake wa Kiswahili. Miongoni mwao alikuwamo Mwalimu James Irenge, ambaye jina lake limebaki katika historia ya shule hiyo. Walipoona anashika masomo kwa kasi, walimrusha darasa, na masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu.

Mwaka 1937 alichaguliwa kwenda Shule ya Serikali ya Wavulana Tabora, ambako wakoloni waliwaandaa vijana wachache, wengi wao wakiwa watoto wa watemi, kwa ajili ya kazi za serikali. Kutoka hapo alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1943, akarudi mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu.

Masomo ya jioni Tabora

Mwaka 1946 Nyerere alianza kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ikiendeshwa na mapadri wa White Fathers. Alikuwa amepata pia nafasi katika shule ya serikali iliyokuwa na masharti mazuri zaidi ya kazi na pensheni, lakini akachagua shule ya misheni. Hapo alifundisha pamoja na rafiki yake wa Makerere, Andrew Tibandebage.

Mchana alifundisha historia na baiolojia. Jioni, baada ya kazi aliyolipwa, aliwafundisha Kiingereza wakazi wa mji wa Tabora bila malipo. Hao walikuwa watu wazima ambao umri wa kukaa kwenye madawati ulikuwa umewapita, na ambao hakuna ofisi iliyowahesabu kuwa ni wanafunzi.

Masomo hayo hayakuwa na mtihani wala cheti. Kila aliyekuja alikuwa na haja yake: mmoja alitaka kuandika barua, mwingine kusoma notisi za serikali, mwingine kuzungumza na mwajiri wake. Mwalimu kijana alianza kutambua kwamba mtu mzima hafundishwi kama mtoto, na kwamba anayejua sababu ya kujifunza hujifunza kwa bidii.

Mwaka 1949, kwa msaada wa mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi. Alirudi mwaka 1952 akiwa na shahada, miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kuipata katika chuo kikuu cha Uingereza. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, na mwaka huo huo akaanza kufundisha Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje ya Dar es Salaam.

Mwanafunzi mmoja wa Musoma

Kazi ya Pugu haikudumu. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha TAA, na Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akajiuzulu ualimu mwezi huo huo.

Miezi iliyofuata haikumbukwi sana. Nyerere alirudi nyumbani mkoani Mara akiwa hana mshahara. Huko alipata kazi kwa wamisionari wa Marekani wa shirika la Maryknoll: kumfundisha Kizanaki mmoja wao, Padre Arthur Wille, na kutafsiri maandiko ya dini kwa lugha hiyo.

Kwa hiyo mtu aliyetoka kuhutubia Umoja wa Mataifa sasa alikuwa na darasa la mwanafunzi mmoja. Mwanafunzi huyo alikuwa mtu mzima, msomi katika lugha yake, lakini mbele ya Kizanaki alikuwa kama mtoto. Nyerere, ambaye miaka 21 kabla ya hapo aliingia Mwisenge bila Kiswahili, alikuwa upande wa pili wa meza.

Ilikuwa kazi ya kurudia sauti moja moja, kusahihisha, na kusubiri. Ilidumu miezi michache tu, kisha siasa ikamwita tena Dar es Salaam, lakini ndiyo kazi yake ya mwisho ya kufundisha kwa ujira. Uhuru ulipopatikana Desemba 9, 1961, nchi ilikwisha kumzoea kwa jina la Mwalimu.

Kosa si la mtoto

Serikali mpya ilirithi nchi ambayo watu wazima wengi sana hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1964, wakati wa kuzinduliwa kwa mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Nyerere alisisitiza kwamba watu wazima ndio wafundishwe kwanza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: manufaa ya kumsomesha mtoto huonekana baada ya miaka mingi, lakini mkulima anayejifunza leo hubadilisha shamba lake msimu huu.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, alitoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Humo aliukosoa mfumo uliomlea yeye mwenyewe. Wakati huo, kati ya kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, takriban 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Waliosalia walirudi kijijini wakihesabiwa kuwa wameshindwa, na wao wenyewe wakaamini hivyo.

Nyerere alipinga hesabu hiyo. Kwake, shule inayomwandaa mmoja kwa ajili ya sekondari na kuwaacha sita au saba bila maandalizi yoyote ya maisha ndiyo iliyoshindwa, wala si watoto hao. Alitaka mtihani upunguziwe uzito, kwa sababu ulipima kumbukumbu na kuacha tabia, bidii na uwezo wa kushirikiana. Alipendekeza pia mtoto aanze shule akiwa na umri mkubwa kidogo, ili anapomaliza awe ameiva kuingia katika maisha ya kazi.

Kila shule ya msingi ilitakiwa iwe elimu kamili kwa mtoto, isiwe ngazi tu ya kupandia kwenda kwingine. Hilo lilikuwa neno la faraja kwa wazazi wa vijijini, ambao watoto wao wengi hawakuwahi kuliona jina lao katika orodha ya waliochaguliwa.

Pamba ndani ya kitabu

Mwaka 1968, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO), mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa ulianzishwa ukiwa na makao yake Mwanza. Ulihusisha mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Vijiji vya Bariadi na Maswa vilikuwa ndani ya eneo hilo.

Jambo jipya katika mradi huo lilikuwa vitabu. Badala ya kitabu kimoja kwa nchi nzima, viliandikwa vitabu vilivyolingana na kazi ya msomaji. Mvuvi alisoma habari za uvuvi, mkulima wa Bukoba habari za migomba, na mfugaji habari za ng'ombe. Mkulima wa Usukuma alijifunza herufi kwa kusoma juu ya pamba: kuandaa shamba, kupanda kwa wakati, kupalilia na kuua wadudu.

Somo lilianza kwa picha na mazungumzo, kwa kuwa mkulima aliijua pamba kuliko mwalimu wake. Kisha neno lilichukuliwa, likagawanywa katika silabi, na silabi hizo zikatumika kuunda maneno mengine. Mtu aliyekuja darasani akijiona mjinga aligundua kwamba nusu ya somo alikuwa nayo kichwani tayari.

Zipo sababu za wazi zilizomfanya mkulima wa pamba aone faida mapema. Pamba huuzwa kwa mizani. Asiyejua tarakimu humtegemea karani, na akipunjwa hana namna ya kujua. Aliyejifunza kusoma uzito na kuzidisha kwa bei aliweza kuuliza swali pale pale penye mizani.

Desemba 31, 1969, katika salamu zake za kuaga mwaka, Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni ikaenea nchi nzima. Madarasa yalifanyika shuleni baada ya watoto kutoka, katika majengo ya vyama vya ushirika, makanisani, misikitini na chini ya miti. Waliofundisha ni walimu wa shule za msingi pamoja na wanakijiji waliojua kusoma, ambao walilipwa posho ndogo tu.

Kila mwanakisomo alipimwa na kuwekwa katika hatua yake, kuanzia ya 1 hadi ya 4. Aliyefika hatua ya 3 alihesabiwa kuwa amejua kusoma na kuandika. Aliyefika hatua ya 4 alihesabiwa kuwa anaweza kuutumia ujuzi huo katika shughuli zake. Aliyekwama hakufukuzwa, bali aliendelea pale alipoishia.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo, na watu zaidi ya milioni 3 walijitokeza kuufanya. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975, kisha asilimia 27 mwaka 1977, na kufikia chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Ili wasomaji wapya wasisahau walichojifunza, maktaba za vijijini zilifunguliwa, na Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kuchimba vyoo. Juni 1976 wataalamu wa elimu ya watu wazima kutoka pande nyingi za dunia walikutana Dar es Salaam, na Nyerere akaufungua mkutano wao.

Haraka na hasara yake

Mafanikio hayo yalikuwa na upande wa pili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Awali lengo hilo lilikuwa limepangiwa mwaka 1989. Miaka 12 ikakatwa kwa uamuzi mmoja.

Wanafunzi wa shule za msingi waliongezeka hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walimu wa kutosha hawakuwapo. Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huko huko vijijini kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa wakufunzi, huku tayari wakifundisha. Karibu vijana 38,000 walihitimu kwa njia hiyo.

Bila vijana hao, vijiji vingi visingekuwa na mwalimu hata mmoja. Lakini kijana wa miaka 17 au 18 mwenye darasa lililojaa, vitabu vichache na mafunzo ya juu juu hakuwa na nafasi ya kumkalia mtoto mmoja aliyekwama. Yule yule ambaye Elimu ya Kujitegemea ilimtetea alipata dawati, na akapotea tena katikati ya wengi.

Miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya wananchi, wengi wao bila hiari, na mkoa wa Shinyanga haukusalimika. Mojawapo ya hoja zilizotolewa ni kwamba watu wakikaa pamoja hupata shule, zahanati na maji. Shule zilikuja, lakini familia nyingi za Kisukuma zilizozoea kuishi mbalimbali na mifugo yao zilipoteza makazi na mashamba ya asili.

Sekondari nazo hazikupanuliwa kwa kasi ya shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliopata nafasi ya sekondari walikuwa chini ya mmoja kati ya kila 10, uwiano mdogo kuliko ule ambao Nyerere aliulalamikia mwaka 1967. Uchumi ulipoyumba, ada na michango vikarejea, madarasa ya kisomo yakafifia, na katika miaka ya 1990 uandikishaji wa shule za msingi ukashuka chini ya asilimia 80.

Nyerere mwenyewe alikiri hadharani, zaidi ya mara moja baada ya kung'atuka mwaka 1985, kwamba serikali yake ilifanya makosa. Alirudi Butiama kulima na kuandika. Aliyewahi kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili sasa aliziweka Injili katika tenzi. Alifariki London, Oktoba 14, 1999, na kuzikwa Butiama.

Njia ya Lamadi

Baada ya kifo chake, swali lake halikufa. Ada ya shule za msingi ilifutwa upya mwaka 2001, na madarasa yakajaa kama ilivyokuwa mwaka 1977. Safari hii ulikuwapo pia Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, MEMKWA, uliowakusanya watoto na vijana waliopitwa na umri na kuwapa masomo yaliyofupishwa ili wajiunge na wenzao. Mrushwa darasa wa Mwisenge angeuelewa mpango huo bila maelezo marefu.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulirekebishwa ili kuweka mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika miaka hiyo mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, uliingia katika mikoa kadhaa ukiwamo Simiyu. Sehemu yake moja ilikuwa maandalizi ya wiki 12 kwa watoto ambao hawakupitia elimu ya awali, wakiongozwa na wasaidizi kutoka kijijini humo humo. Kwa hadithi na michezo, watoto waliozungumza Kisukuma walizoeshwa Kiswahili kabla ya kukabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Ndani ya mpango huo kulikuwa na mambo ambayo Kanda ya Ziwa iliyajua tangu mwaka 1968: kuanza na kile anachokijua mwanafunzi, kumtumia mtu wa kijiji chake, na kumpima pale alipo, si pale anapotakiwa kuwa.

Barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma hupita Lamadi, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Hapo ndipo njia ya Bariadi inapochepuka. Anayekwenda mbele hufika Musoma, ilipo Mwisenge, na anayekata kuingia ndani hufika kwenye mashamba ya pamba na shule zenye watoto wengi kuliko madawati.

Katika shule hizo, Januari ya kila mwaka, huingia mtoto aliyechelewa kuanza au asiyejua Kiswahili, kama alivyoingia Kambarage mwaka 1934. Haandikwi kwenye daftari la mahudhurio kwamba ana akili au hana. Hilo huamuliwa na mwalimu atakayepata, au asiyepata, muda wa kuinama na kumtazama yeye peke yake.